Benchi Lisilotaja Namba

"Tajiri kadhaa," Posta alisoma, akakohoa, akarudi mwanzo wa mstari. "Samahani. Tajiri fulani wa ng'ambo amenunua amplifaya ya kusikilizia muziki masikioni kwa bei ya..." Aliinua macho juu ya miwani, akatazama gazeti, akatazama watu. "Kwa bei ya pesa nyingi mno."

"Ngapi?" Kinyozi akauliza.

Mkono wa Mama Birika ulikuwa umeshakaa juu ya kikombe cha Kinyozi.

"Ngapi si namba, mama. Ngapi ni swali."

"Ni swali linalozaa namba. Aliyeita nyuki asilie kuumwa."

"Bei ya nyumba," Posta akawaamua. "Tena si nyumba peke yake. Nyumba pamoja na ya jirani."

Siku hiyo benchi la mbele ya karakana ya Baba Redio lilikuwa limepigwa marufuku kutaja namba. Hapakuwa na ubaya wowote. Mlangoni, hatua chache kutoka kwenye benchi, msichana anayeitwa Hesabu alikuwa akisuka transfoma. Waya wake ulikuwa mwembamba kama unywele, na unywele hausukwi gizani. Kwa hiyo alikuwa ametoka ndani akaufuata mwanga mlangoni. Nalo benchi haliwezi kuhama, kwa kuwa ndipo lilipo birika la kahawa, na penye birika ndipo penye watu. Hesabu anazungusha gurudumu la cherehani ya mkono, waya unajilaza duru kwa duru, yeye anahesabu moyoni. Kila mia anachora mstari wa chaki kwenye meza. Mtu akitaja namba karibu yake, namba ile inaingia kichwani kama mgeni asiyebisha hodi, inakalia kiti cha mwenyeji.

Hukumu aliitunga Mama Birika mwenyewe, maana birika ni lake: ukitaja namba, kikombe chako kinapinduliwa kifudifudi mpaka mstari mwingine wa chaki.

Mia tatu na sita. Mia tatu na saba.

"Gazeti lenyewe la lini?" Kinyozi akauliza. Duka lake la kunyolea lilikuwa mlango wa pili, lakini kiti chake cha wateja kilikuwa kimezoea kukaa peke yake.

"La juzi," Posta akasema. Huyu alichambua barua posta mpaka akastaafu, na mpaka leo akishika karatasi anaangalia kwanza kama ina stempu.

"Juzi ndiyo siku gani?"

Posta akafungua mdomo, akaufunga. Aliona mtego. "Ni ile siku inayofuata siku inayofuata Jumapili."

"Pili," alisema Mama Birika, na kikombe cha Posta kikalala.

"Mama, hilo ni jina la siku."

"Jina lina pili ndani. Ungesema siku ya mapumziko."

"Basi siku zote zimeharibika. Ukiondoa Ijumaa hakuna siku safi. Hata Alhamisi, kwa Kiarabu, ina tano tumboni."

"Umeongeza nyingine," alisema Mama Birika. "Kikombe kimeshalala, sijui nikilaze vipi tena. Nitakizika mpaka mstari unaotangulia wa mwisho."

Hesabu hakuinua uso. Tano ya Posta ilipita karibu yake, akaikwepa kama mtu anavyokwepa baiskeli. Mia tatu na thelathini. Mia tatu na thelathini na moja. Alikuwa na subira ya paka kwenye tundu la panya. Aliwasikiliza wote bila kuwasikiliza.

"Hapa pameandikwa," Posta aliendelea kwa koo kavu, "kwamba hedifoni zenyewe ni za umeme tuli."

"Umeme gani?"

"Tuli. Uliotulia."

Kinyozi alicheka mpaka akashika goti. "Umeme uliotulia. Hiyo ni kama kusema nyoka mwenye adabu. Umeme ukitulia ujue unakutafakari."

"Kitana chako kikisugua nywele kavu, nywele zinafanyaje?" Sauti ilitoka ndani ya karakana. Baba Redio alikuwa ameinamia kazi yake, chuma cha kulehemia mkononi, moshi wa risasi ukimzunguka kama yeye ndiye anayeungua.

"Zinasimama."

"Basi huo ndio umeme tuli. Umeutumikia miaka yote bila kujua jina lake."

"Kwa hiyo Mwalimu akija leo kuvaa hedifoni zake za namna hiyo, nywele zitasimama?"

"Mwalimu ana upara," Posta alikumbusha.

"Kumbe ndiyo maana yeye ameruhusiwa."

Baba Redio alitoka mlangoni akiwa ameshika hedifoni kwa vidole vya pembeni, kama mtu aliyebeba yai la mwenzake. "Sikilizeni niwape elimu. Hedifoni za kawaida zina sumaku na koili, koili inasukuma kijikaratasi. Hizi hazina sumaku. Zina utando mwembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, umening'inizwa kati ya nyavu za chuma mb..." Jicho la Mama Birika lilimfikia kabla ya neno kuisha. "Nyavu pacha. Umeme ukiingia kwenye nyavu, utando unavutwa huku, unasukumwa kule. Kwa kuwa hauna uzito, unatii upesi. Unasikia mpaka mwimbaji anavyolamba midomo."

"Na umeme wenyewe ni kiasi gani?" Kinyozi akauliza.

"Wa ukutani unaujua?"

"Uliwahi kunipiga. Tunaheshimiana."

"Chukua huo wa ukutani, uupandishe juu ya wa ukutani mwenzake, halafu bado kuna kichwa kinatokeza."

Kinyozi akajishika sikio. "Baba Redio, mimi masikio ndiyo kazi yangu. Nikipitisha wembe nyuma ya sikio la mtu nasoma dua. Wewe unampelekea mzee wa watu umeme wa ghorofa hapo hapo?"

"Volti ni nyingi, mkondo ni mdogo. Ni kama tajiri bahili. Anazo, ila hazitoki."

"Siku akiamua kutoa?"

"Ndiyo maana ikazaliwa amplifaya yake peke yake. Hizi huwezi kuzichomeka kwenye simu wala kwenye redio. Binti yake Mwalimu alizituma kutoka ng'ambo, zikafika bila amplifaya. Mzee amezitundika ukutani tangu mwaka juzi kama picha ya marehemu."

Ndipo alipomjengea amplifaya. Miezi kadhaa Baba Redio alikuwa akikusanya taa za kioo kutoka kwenye redio za kizamani, zile zinazowaka rangi ya kaa la moto, akazipanga juu ya droo ya chuma iliyotoka kwenye kabati la ofisi. Droo aliigeuza kifudifudi, akaitoboa, akaipaka rangi nyeusi, ila kile kijidirisha cha shaba cha kuwekea kadi hakikutoka. Kadi nayo iligoma. Kwa hiyo amplifaya ya Mwalimu ilikuwa nyeusi, nzuri, na mbele yake ilikuwa imeandikwa MALALAMIKO.

"Yule tajiri," Posta alirudi gazetini, "alisubiri mpaka mtoto wake akaota ndevu. Fundi anajenga kwa mkono, peke yake, kila mtu na yake. Akimaliza anaandika jina lake ndani ya sanduku. Si nje. Ndani, ambako hapaonekani."

"Sasa jina lisiloonekana la nini?" Kinyozi akauliza.

"La kuwepo."

Mkono wa Hesabu ulitaka kwenda haraka, akauzuia. Mia sita na arobaini. Waya huu ukivutwa kwa hasira unakatika.

Maana hata pale karakana desturi ilikuwa hiyo hiyo. Kila chombo kilichojengwa, si kilichotengenezwa tu, Baba Redio aliandika jina lake upande wa ndani wa kibati cha chini, kwa kalamu ya wino mzito. Transfoma za miaka minne alizisuka Hesabu, na majina ya miaka minne yalikuwa ya Baba Redio. Asubuhi hii, walipomaliza kusuka nusu ya kwanza, mzee alikuwa amemwambia, bila kumtazama, "Hiki kikitoka bila mngurumo, utaandika wewe." Halafu akaenda kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa mfukoni mwake.

Bila mngurumo. Hapo ndipo penye kazi. Nusu hizi mbili za transfoma lazima zilingane, mizunguko elfu moja na mia mbili huku, elfu moja na mia mbili kule. Zikipishana, kwenye redio ya jikoni husikii kitu, lakini kwenye hedifoni zinazosikia mtu akilamba midomo, mngurumo utakaa pale kama mbung'o kwenye chandarua. Na waya wenyewe ulikuwa huo huo mmoja. Ukishausuka ukaufumua, rangi inayoukinga inachubuka, unakuwa waya wa kufungia fagio.

Tena msikilizaji mwenyewe ni Mwalimu. Alipokuwa darasa la nne, Hesabu alipangwa kwaya, na Mwalimu alipita mstari mzima akitega sikio, akasimama mbele yake, akamwambia kwa upole, "Wewe, mwanangu, uwe unachezesha midomo tu." Mzee hakumkumbuka. Hesabu alikumbuka.

"Mwalimu mwenyewe anazitakia nini hedifoni za namna hii?" Posta akauliza. "Umri ule si wa muziki, ni wa taarifa ya habari."

"Hujui?" Mama Birika akainama mbele, na watu wakainama naye. "Anayo kanda. Kanda ya kwaya ya walimu, ile siku ya mashindano, enzi hizo. Wamefika pale pa kuimba polepole, ukumbi kimya, pakasikika kha, kha, kha. Majaji wakawakata alama, kombe likaenda kwa wengine. Mwalimu anasema ni kiatu cha mpiga kinanda kwenye pedali. Mpiga kinanda anasema kiatu chake kilikuwa kipya. Tangu siku hiyo hawasalimiani. Wanakutana msibani, huyu anampa pole marehemu."

"Kwa ajili ya kiatu?"

"Kwa ajili ya kombe."

"Wahenga walisema," Kinyozi akaanza kwa sauti ya mimbari, "mafahari..." Akasimama. Alikitazama kikombe chake. "Mafahari kadhaa hawakai zizi fulani."

"Na siku za mwizi?" Posta akamchokoza.

"Ni nyingi, ila zinahesabika."

"Na njia ngapi zilimshinda fisi?"

"Zilimshinda njia, basi. Tumwache fisi apumzike."

Hesabu alichora mstari wa kumi na moja. Ikabaki mia ya mwisho. Mama Birika alikisimamisha kikombe cha Posta, akakijaza, na Posta akakinywa chote kwa pumzi ile ile.

Hapo ndipo Mwalimu alipotokea kwenye kona, mkongojo mkononi, mfuko wa kanda kifuani.

"Shikamoo, Mwalimu," wakasema wote.

"Marahaba, marahaba. Naona shughuli."

"Karibu ukae, Mwalimu," Kinyozi akamwachia nafasi.

Hakuna aliyefikiria magoti ya mzee. Miaka arobaini mtu yule alianzisha kila wimbo kwa kuhesabu, mpaka mwili nao ukawa kwaya. Magoti yake hayakubali kukunjika bila kuhesabiwa. Aliweka mkongojo sawa, akashika ukingo wa benchi, akavuta pumzi.

"Na moja," alisema kwa sauti iliyofundishwa kufika mwisho wa ukumbi, "na mbili, na tatu, hap."

Akaketi.

Mama Birika aliruka, mkono mbele, lakini hapakuwa na kikombe cha kupindua. Gurudumu la cherehani likasimama. Hesabu alikaa amelishika, macho yametazama ukuta, akitafuta ndani ya kichwa chake. Moja, mbili na tatu za Mwalimu zilikuwa mle zinatembea kama mbuzi kwenye shamba la mtama, na namba yake mwenyewe haikuwepo.

"Imepotea?" Baba Redio akauliza kutoka ndani, taratibu.

"Imepotea, Baba. Sitini na kitu. Au sabini na kitu."

"Nini kimepotea?" Mwalimu akauliza. "Mimi nimekaa tu."

Wakamweleza. Mzee akashika kichwa. Kinyozi akakohoa.

"Sabini na tatu," akasema.

Wote wakamgeukia.

"Mnanitazama nini? Mtu ukimkataza kutaja namba, anakaa nazo tumboni. Nilikuwa nahesabu. Tangu mstari wa mwisho wa chaki nimemfuata gurudumu kwa gurudumu. Sabini na tatu."

"Sabini na moja," Posta akasema.

"Na wewe?"

"Kahawa nilikuwa nimeshaimaliza, ningefanya nini?"

"Sitini na tisa," Mama Birika akaweka yake. "Ila nilipokuwa nakumiminia wewe niliacha kidogo."

Baba Redio alikuwa amesimama mlangoni, aibu imempanda mpaka shingoni. "Sabini na mbili," akasema. "Nilikuwa nasikia tu mlio."

"Basi rahisi," Kinyozi akasimama. "Tupige kura."

"Hesabu haipigiwi kura," Posta akasema.

"Wewe umeishi wapi? Kwingine kura zinahesabiwa. Hapa hesabu inapigiwa kura. Tofauti iko wapi? Atakayenipa sabini na tatu namnyoa mpaka kwenye shingo."

"Hiyo ni rushwa."

"Hiyo ni huduma kwa wananchi."

"Lazima awepo msimamizi asiye na upande," Posta akasisitiza.

"Nani?"

"Mimi," wakasema wote wawili.

Posta akashinda usimamizi kwa kuwa ndiye mwenye karatasi. Akachana pembe ya gazeti vipande vipande, kila mtu akaandika akimficha jirani kwa kiganja. Hata Mwalimu alipiga, ingawa alikuwa hajasikia mzunguko hata mmoja. Vikaingia kwenye kofia ya Kinyozi, vikatoka. Posta akavihesabu, akavirudia, akavua miwani.

"Wapiga kura tulikuwa watano. Kura ni sita. Na za sabini na tatu ni tatu."

"Kuna mwananchi amesisitiza," Kinyozi akasema.

"Mwananchi gani?"

"Kura ni siri."

Wakati Posta akitaka uchaguzi urudiwe, na Kinyozi akitaka matokeo yatangazwe kabla hayajapoa, Hesabu alikuwa amekwisha kunyanyuka. Aliingia ndani, akatoka na lenzi ya Baba Redio ya kusomea vijidude vya redio, na sindano ya kushonea. Akakaa. Akaiinamia transfoma kama mtu anayetafuta mwiba kwenye kidole cha mtoto.

Tabaka la juu la waya, lililoanza na mstari wa kumi na moja wa chaki, lilikuwa limelala wazi, uzi kando ya uzi. Mzunguko ulio juu unaonekana, ukiwa na macho na ukiwa na moyo. Lakini ncha ya sindano ikiukwaruza hata mmoja, rangi imetoka, umeme utaruka pale, na transfoma imekufa kabla haijabatizwa.

"Usifanye hivyo, mwanangu," Baba Redio akanong'ona. "Wacha tukisie. Moja kidogo, mbili kidogo, haitazidi sana."

"Kitakachonguruma kitakuwa na jina langu, Baba."

Mwalimu akainua kiganja. Ulikuwa mkono wa zamani, ule unaoshusha kwaya nzima kutoka kelele hadi pumzi, na benchi lote likashuka nao. Kinyozi alibaki mdomo wazi. Mtaani baiskeli ikapita, na mwenye baiskeli, bila kujua kwa nini, akaacha kupiga kengele.

Sindano ikatembea juu ya waya bila kuugusa, kama kivuli. Jicho la Hesabu likatoa chozi, akaliacha lidondoke pembeni.

"Sitini na saba," akasema hatimaye.

"Nani alikuwa na sitini na saba?" Mwalimu akauliza.

Hakuna aliyekuwa nayo.

"Basi sote tulikosea," Posta akasema.

"Mimi sikukosea," Kinyozi akasema. "Mimi nilishinda. Ukweli ndio haukugombea."

Hesabu alimaliza thelathini na tatu zilizobaki bila mtu kukohoa.

Alasiri ikazeeka kabla transfoma haijapakwa nta, haijapigwa vyuma, haijalehemewa mahali pake. Hakuna aliyeondoka. Mteja wa Kinyozi alikuja, akaambiwa nywele ni za Mungu, azivumilie. Baba Redio akaweka mkono wa kushoto mfukoni, kama afanyavyo kila anapogusa kitu chenye umeme wa kuua, na kwa wa kulia akabonyeza swichi. Taa za kioo zikaanza kuwaka polepole, rangi ya machungwa yaliyoiva. Mwalimu akavishwa hedifoni. Zilimkaa juu ya upara kama daraja.

Hesabu alisimama nyuma ya meza, mikono imeshikana.

Mwalimu akafumba macho. Akasikiliza. Akakunja uso, akageuza kichwa upande huu, akageuza upande ule.

"Sisikii kitu," akasema.

Benchi lilipoa. Kinyozi akavua kofia. Mama Birika akamshika Hesabu begani, akambonyeza kama anamshikilia asianguke. "Pole, mwanangu. Kazi ya mkono haina dhamana."

"Hata kidogo?" Baba Redio akauliza.

"Hata kidogo."

Baba Redio akazungusha kitufe cha sauti mpaka kikagoma. "Na sasa?"

"Kimya. Kama ndani ya mtungi."

"Mwalimu," alisema Baba Redio, na meno yake yakaanza kuonekana, mengi kuliko walivyozoea, "bado sijaweka kanda."

Hesabu alikuwa ameshajua. Alikuwa ameinama, anaicheka meza.

"Subirini," Kinyozi akasema. "Nielewesheni mimi niliyeishia mtaani. Kutwa nzima tumefungwa midomo, Posta kanyimwa kahawa, uchaguzi umevurugika, ili mzee avae umeme kichwani asisikie kitu?"

"Ndiyo ufundi wenyewe. Kisipokuwa na cha kusema, kinyamaze."

"Basi hicho kifaa mnunulieni mke wangu, ajifunze kwacho."

Kanda ikaingia kwenye deki. Mwalimu akainua vidole, vikaanza kuelea hewani. Watu hawakusikia kwaya, walisikia nong'ono tu inayovuja pembeni mwa masikio yake. Waliutazama wimbo usoni mwake. Ulipanda, ukatulia, ukashuka pale pa polepole. Vidole vikasimama.

"Rudisha," akasema.

Baba Redio akarudisha.

"Tena."

Akarudisha tena. Mwalimu akawa mweupe, halafu akawa mwekundu, kwa kadiri rangi yake ilivyoruhusu.

"Ni kiatu?" Posta akauliza.

"Si kiatu. Mtu anatafuna."

"Anatafuna nini?"

"Karanga. Nasikia mpaka ganda jembamba linavyoondolewa kwa ulimi. Ni sauti ya pili, safu ya nyuma, mkono wa kushoto." Akazibana hedifoni masikioni. "Anatafuna upande wa kulia peke yake. Halafu anameza, anashusha pumzi puani, hivi. Utafunaji huu naujua. Nakula nao meza moja miaka thelathini na sita."

Mama Birika alifunika mdomo kwa ncha ya kanga.

"Mke wangu," Mwalimu akasema. "Na mimi nimemnyima mpiga kinanda salamu mpaka amezeeka."

Akavua hedifoni taratibu, akazibusu, jambo ambalo halikutarajiwa. "Fundi, hiki ni chombo. Sijawahi kusikia kitu kama hiki. Kifunge. Nakwenda nacho nyumbani sasa hivi, aje ajisikilize mwenyewe. Kesho nakwenda kwa mpiga kinanda. Nani aliyesuka hiyo transfoma isiyonguruma?"

"Binti huyu," Baba Redio akasema.

Mwalimu akamtazama Hesabu kwa muda. "Una mkono wa muziki," akasema. Hesabu akachezesha midomo, asante, bila kutoa sauti.

Baba Redio akageuza droo, akafungua kibati cha chini, akatoa kalamu ya wino mzito. Miaka yote alikuwa anaishika kalamu ile kama fimbo ya chifu. Leo alimsukumia Hesabu haraka haraka. "Ahadi ni deni, mwanangu. Andika. Andika kwa nafasi."

"Usiandike," Kinyozi akamnong'oneza. "Wewe humjui mke wa Mwalimu. Kuna siku alinifuata dukani kwa mstari mmoja uliopinda kwenye ndevu za mumewe. Usiku wa leo ataulizwa karanga za ujana wake. Kesho ataifungua droo hii kwa kisu, atafute ni nani aliyetengeneza chombo cha kusikiliza watu wakitafuna."

"Andika jina la Posta," Mama Birika akashauri. "Yeye ni mstaafu."

"Mimi nina shinikizo la damu," Posta akasema.

Hesabu akachukua kalamu. Akaandika jina lake, lile la shuleni, pamoja na la baba yake, herufi kubwa zilizosimama wima. Aliangalia, akaona nafasi imebaki. Chini ya jina akaongeza: Nipo mlangoni, kila siku, tangu asubuhi.

"Hiyo ya nini tena?" Baba Redio akauliza.

"Asisumbuke kuuliza njia."

Droo ikafungwa, Mwalimu akapata mtu wa kumbebea, wakaondoka. Posta akakumbuka kwamba kuna barua hajaijibu. Kinyozi akakumbuka mteja. Mama Birika akasema birika limekauka, ingawa lilikuwa linatoa moshi. Kila mtu akashika hamsini zake.

Hesabu akafuta chaki kwenye meza. Nyumba ya Mwalimu haikuwa mbali. Akavuta kigoda kingine, akakiweka mbele ya chake, akakipangusa vumbi, akasubiri.